Faiba ya Mikindani na akiba yake: tathmini ya mkalimani wa simu

Mimi ni mkalimani wa simu. Kuanzia saa kumi jioni hadi karibu saa saba usiku ninakuwa chumbani kwangu Mikindani, Mombasa, hedifoni kichwani, katikati ya daktari aliye Marekani na mgonjwa wake, ambaye mara nyingi ni mkimbizi kutoka Kongo aliyehamishiwa huko na hana lugha nyingine ya kuelezea maumivu yake ila Kiswahili. Nalipwa kwa dakika. Simu ikikatika, dakika zimekatika. Zikikatika nyingi, alama zangu zinashuka na simu zinaanza kupelekwa kwa wenzangu. Ninayoyasikia humo hayaandikwi popote, ila fikiria tu daktari anaeleza tembe ngapi kwa siku na sauti inapotea kabla hajafika kwenye idadi.

Basi nikisema faiba fulani, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya wa kioo, ni nzuri au mbaya, sipimi kwa sinema wala mpira. Kasi hainihusu sana. Sauti ya simu ya intaneti, hata ile ya kiwango kizuri, inakula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, yaani saa nzima ya mazungumzo ni kama MB 80. Zamu yangu yote haifiki GB moja. Kifurushi cha chini kabisa cha faiba kina nafasi ya kutosha watu kama mimi kumi na bado watoto wakaangalia katuni sebuleni. Wauzaji wanaopita mlangoni na vipeperushi wanataja Mbps tu, yaani kasi: hizi ziwe mara mbili, zile mara tano. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia waya ukikatika Ijumaa jioni fundi anakuja siku gani.

Kwa jumla, faiba yenyewe ikiwa hai sina neno baya nayo. Kutoka hapa hadi mashariki ya Marekani sauti inachukua zaidi ya milisekunde 200 kwenda na kurudi, na huo ni umbali tu, hakuna kampuni inayoweza kuupunguza kwa tangazo. Ninachotaka ni muda huo usicheze, usiwe 230 sasa hivi na 700 baada ya sekunde mbili, maana hapo ndipo maneno yanaanza kumezwa. Kwenye faiba hauchezi. Nimechomeka kompyuta kwa waya wa LAN, Wi-Fi nimewaachia watoto, na nikiwa na wasiwasi naendesha ping mbili kwa pamoja, kile kipimo cha muda wa kwenda na kurudi: moja kwa rauta yangu mwenyewe, 192.168.1.1 au anwani iliyobandikwa chini ya rauta, na nyingine kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje. Ya kwanza ikiyumba, ubaya uko ndani ya nyumba. Ya kwanza ikitulia na ya pili ikayumba, ubaya uko nje, na hapo una haki ya kupiga simu kwa sauti kubwa. Wafundishe hili hata watoto. Nyumba nyingi zinatukana kampuni ilhali rauta imefichwa nyuma ya televisheni, ukuta wa mawe ya matumbawe katikati.

Taabu yetu ni njia ambayo waya unapita. Mikindani iko karibu na barabara kuu ya Nairobi, na trela za makontena zinapokwepa foleni huingia mitaani. Nyaya za faiba za mtaa huu zimetundikwa kwenye nguzo, za kampuni moja juu ya za nyingine, na mahali pengine zimelegea hadi mtu mrefu akinyoosha mkono anazigusa. Trela moja yenye mzigo mrefu inatosha. Taa ya LOS kwenye kisanduku kinachopokea faiba nyumbani inageuka nyekundu, na hapo hakuna kuzima na kuwasha kutakakosaidia, kwa sababu taa hiyo maana yake mwanga wenyewe haufiki nyumbani.

Kituo cha huduma kwa wateja nacho kina wimbo wake: zima, subiri, washa. Siku hizi sibishani. Natuma picha ya taa nyekundu kwa WhatsApp pamoja na namba ya akaunti, na tunaruka hatua tatu. Jambo nililoliona mapema ni kwamba waya mkubwa wa mtaa ukikatika hutengenezwa upesi kuliko waya wa nyumba yangu peke yangu. Wakilalamika watu wa nyumba arobaini, gari lenye ngazi linafika siku hiyohiyo. Nikilalamika mimi, naambiwa kesho, na kesho ya fundi wa faiba inaweza kuwa na siku mbili ndani yake.

Fundi mwenyewe, akishafika, simlaumu hata kidogo. Kijana mstaarabu, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Safari ya mwisho alichomeka kipimo chake akaniambia, "Mamangu, mwanga uko lakini umechoka, tazama hapa." Kipimo kilisoma kama −27 dBm, yaani nguvu ya mwanga; namba ikikaribia sifuri mwanga una nguvu zaidi. Visanduku vingi vya nyumbani vinaanza kupoteza mwanga ukishuka chini ya hapo. Yeye hupenda kuona −20 au juu zaidi. Akafuata waya ukutani hadi nyuma ya kabati, akaukuta umekunjwa na mguu wa kabati. Nyuzi za faiba ni kioo, mwanga haupindi kona kali. Akaunyoosha, akakata kichwa cha zamani akaweka kipya, namba ikarudi −21. Tangu hapo zile simu zilizokuwa zinakatika nyakati za mvua sijazisikia tena. Ukipata fundi, kabla hajaondoka mwambie akuonyeshe namba hiyo na uiandike kwa kalamu ubavuni mwa kisanduku. Siku nyingine ikishuka utajua ni nini hata kabla hajaja.

Sasa stima, ambayo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kukatika, kubwa kuliko trela zote.

Watu wengi hudhani stima ikipotea faiba nayo imekufa. Sivyo. Kati ya kituo cha kampuni na nyumba yako, faiba ya aina hii haina kifaa chochote kinachohitaji umeme. Kule nguzoni kuna kigawanyaji cha kioo tu, kinachogawa mwanga kwa nyumba 32 au 64. Kituo chao kina betri na jenereta. Kinachokufa ni kisanduku chako na rauta yako, vitu viwili vinavyokula umeme mdogo kama wa balbu. Ukivipa betri, mtaa mzima uko gizani na wewe una intaneti. Tena ni intaneti nzuri kuliko ya jioni ya kawaida, kwa sababu majirani mnaogawana nao mwanga wamezimika wote.

Hapo ndipo inapoingia UPS ndogo ya rauta, betri inayoilisha stima ikipotea, na hii naipa alama za juu kuliko kitu kingine chochote nilichonunua kwa ajili ya kazi. Yangu niliinunua dukani Digo Road kwa shilingi 3,500, baada ya kupatana kutoka 4,200. Ni kijisanduku cheupe cha ukubwa wa kitabu chembamba, kina matundu ya volti 9 na 12 na tundu la USB. Kimeandikwa mAh 8,800, na muuzaji akaapa kinakaa saa nane. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe. Hizo mAh zimepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa volti 12 zinazotoka. Zidisha 8,800 kwa 3.7, ugawe kwa 1,000, unapata kama Wh 32 (wati-saa). Punguza zinazopotea katika kupandisha volti, zinabaki labda 27. Kisanduku changu chenye rauta ndani yake kinakula wati 9 hivi. Ni saa tatu, na hizo ni siku betri ikiwa mpya. Kwa kukatika kwa kawaida kwa huku kwetu, kule kwa nusu saa hadi saa mbili, zinatosha kabisa. Muuzaji si mwongo sana. Ukichomeka kitu cha wati 3 pekee zitafika hizo nane zake.

Kabla hujachomeka, soma maandishi kwenye adapta ya rauta yako. Ikiwa ni 12V, tumia tundu la 12V. Ukitia rauta ya 9V kwenye 12V unaweza kuiunguza, na hiyo hakuna garanti inayolipa. UPS nyingi pia zina tundu la PoE, linalopitisha umeme kwenye waya wa mtandao, liache kama hulijui. Na usiiweke juu ya friji wala dirishani palipo na jua. Joto letu la Februari na seli za lithiamu hazipatani, nimeiona ya jirani imevimba hadi kifuniko kimefunguka. Yangu nimeitundika ukutani upande usiopigwa na jua, hewa inapita. Kila baada ya muda nachomoa umeme makusudi mchana, naangalia saa, nijue betri imechoka kiasi gani kabla stima haijaniuliza swali hilo usiku.

Kipimo kikali kwa kila mtu kilikuwa Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima na sehemu nyingine zikakaa gizani hadi siku ya pili. UPS ndogo haikuundwa kwa usiku kama ule. Lakini ulionyesha jambo jingine: saa za mwanzo kila mtu mwenye Wi-Fi iliyokufa alihamia data ya simu, minara ikajaa, baadaye betri za minara nazo zikaanza kuchoka, na vijiti vya mtandao kwenye simu vikapungua kimoja kimoja. Wale waliokuwa wakiniambia "mimi akiba yangu ni simu tu, nawasha hotspot" walinyamaza kabla hakujakucha. Simu ni akiba nzuri ya waya uliokatika. Ni akiba dhaifu ya stima iliyopotea. Ndiyo maana nasema betri kwanza, laini ya pili baadaye, na pesa zako zikitosha kimoja tu, nunua betri.

Laini ya pili nimeichagua kwa swali moja: hii itakufa kwa sababu gani? Ikiwa jibu ni lilelile linaloua ya kwanza, umelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Jirani yangu wa ghorofa ya juu ana faiba mbili za kampuni mbili, na anajivunia. Mimi nilimwonyesha nguzo. Nyaya zote mbili zinapita nguzo ileile, juu ya kona ileile ya trela. Mwingine ana faiba na laini ya simu ya kampuni hiyohiyo. Mitambo ya kampuni ikipata homa, au malipo yakikwama kwenye mfumo wao, vyote viwili vinalala. Kwa hiyo yangu ni rauta ya 4G yenye laini ya kampuni nyingine kabisa. Hata hiyo si kinga kamili, kwa kuwa mnara nao unalishwa kwa faiba mara nyingi, na waya unaolisha mnara unaweza kupita barabara ileile. Nilichofanya ni kuangalia ni mnara gani unanishika: wangu uko upande wa pili, kuelekea Jomvu, si huu wa barabarani.

Usichague laini kwa kusikia watu. Niliazima laini za kampuni tatu kutoka kwa dada zangu na shemeji, nikazijaribu kwenye rauta moja, chumba kilekile, saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Iliyoshinda mchana ndiyo iliyokuwa ya mwisho usiku. Iliyoshinda usiku ilikuwa na kasi ya kawaida tu, ila ping yake ilitulia. Rauta niliiweka dirishani upande wa mnara, juu ya kabati, na peke yake hiyo ilinifaa kuliko antena ya nje niliyokuwa nimepangiwa na muuzaji. Rauta ya 4G nayo inahitaji betri. Nimeinunulia UPS yake ndogo, ya bei rahisi zaidi, kwa sababu zote mbili kwenye betri moja zingenipa saa mbili au pungufu.

Kuhusu bando: kazi yangu haili GB nyingi, na laini ya akiba inaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Bando la siku au la wiki ni hasara hapo. Hapa Kenya bando za data zisizo na tarehe ya mwisho zipo tangu 2019. GB moja yake ni ghali kuliko ya siku, lakini inakusubiri. Mwenye watoto wanaosoma mtandaoni, au anayefanya mikutano ya video, hesabu yake ni tofauti kabisa: video ya watu wawili inaweza kufika GB moja au zaidi kwa saa, na huyo afadhali kifurushi cha mwezi. Mimi Jumamosi nawaachia watoto laini ya akiba makusudi. Inatumika, salio linaonekana, na kama imezimwa kwa sababu yoyote nagundua mchana wa mapumziko, si katikati ya simu.

Naulizwa sana kama inafaa kununua rauta ya milango miwili, ile inayohama yenyewe faiba ikikatika. Kwa nyumba ya kawaida ni kitu kizuri, hakuna atakayejua kwamba kuna kilichotokea. Kwangu faida ni ndogo. Ukihama laini, anwani yako ya intaneti inabadilika, na simu iliyokuwa hewani inakatika vilevile, rauta iwe na akili kiasi gani. Ziko programu zinazounganisha laini mbili kwa pamoja ili simu isidondoke, lakini zinafanya kazi kama VPN, zinapitisha kila kitu kwenye seva ya mtu mwingine, na kampuni ninayoifanyia hairuhusu VPN. Kwa hiyo mimi nachomoa waya wa LAN kwa mkono, kompyuta inashika Wi-Fi ya rauta ya pili yenyewe, naingia tena kwenye mfumo. Ni chini ya dakika. Simu iliyokatika imekatika, inayofuata inanikuta.

Bahari ndiyo sehemu ambayo betri na rauta zangu zote haziifikii. Sisi wa Mombasa tunaishi pale nyaya za intaneti za chini ya bahari zinapotoka majini, SEACOM na TEAMS tangu 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na bado hatujapona. Februari 2012 nanga ya meli iliyosubiri kuingia bandarini ilikata TEAMS nje ya Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, wakati njia ya Bahari ya Shamu ilikuwa tayari imejeruhiwa tangu Februari. Siku zile taa za kisanduku changu zilikuwa kijani zote, −21 yangu iko palepale, na sauti inakuja vipande vipande. Nilihamia laini ya pili nikakuta hali ileile, kwa kuwa kampuni zote mbili zilikuwa zinagombea njia zilizobaki. Siku kama hiyo ninachofanya ni kumwandikia msimamizi wangu mapema, kabla alama hazijashuka, na kumtumia habari ya kukatika kwenyewe. Wanaelewa, wakiambiwa mapema.

Na Starlink, ile intaneti ya setilaiti? Imeingia Kenya Julai 2023, na kaka yangu aliye Kilifi shambani anayo. Kwake, ambako hakuna faiba wala 4G ya maana, nasema ainunue mara mbili. Taabu yake ni minazi. Kila upepo wa kusi ukivuma, kuti linapita mbele ya dishi na simu inakatika kwa sekunde chache, basi. Mpaka alipoliinua juu ya paa kwa bomba la chuma ndipo akapumzika. Kwangu kama akiba, nimeiacha. Kile kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi kilichotangazwa 2024 kingenifaa, lakini vifaa vyenyewe vilikuwa makumi ya maelfu, na dishi la kawaida linakula wati 50 na zaidi, hata lile dogo ni wati 25 hadi 40. UPS yangu ya 3,500 ingelibeba kwa dakika, si kwa saa. Ningehitaji inveta, na hapo akiba imekuwa ghali kuliko kazi. Kisha si kwamba haifi: usiku wa 24 Julai 2025 mtandao wao ulizimika dunia nzima kwa takriban saa mbili unusu, na kaka akanipigia kuniuliza kama faiba yangu iko. Ilikuwepo.

Kama unaishi kisiwani kwenye ghorofa zenye jenereta na nyaya zilizopita chini ya ardhi, pengine haya yote hayakuhusu. Lipia faiba yako, weka laini kwenye simu, lala. Kwa aliye huku kwetu, na analipwa kwa dakika au kwa kazi iliyofika, gharama yangu ya akiba ilikuwa hivi: UPS mbili shilingi 6,000 kwa jumla, rauta ya 4G iliyotumika 4,500 kutoka kwa mtu aliyehama nyumba, na bando lisilo na tarehe ya mwisho la 1,000 ambalo huwa nalijaza mara moja kwa miezi kadhaa. Rauta iliyotumika ijaribu na laini yako palepale kabla hujalipa, maana nyingine zimefungwa kwa kampuni moja na muuzaji atakuambia hajui.

Kitu ambacho bado sijakiamua ni kama nihamie kwenye kampuni ya faiba inayopitisha waya wake upande wa nyuma wa mtaa, mbali na kona ya trela. Wanadai ada ya kuunganisha, na fundi wao hajanionyesha bado kipimo kinasoma ngapi kwa jirani wa huko. Nimemwambia nitalipa akinionyesha.